Barua ya wazi kwa mliokabidhiwa Mombasa: mgeni akitoka Ngomeni, nimpeleke wapi?

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu, hamjambo.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Naegesha nje ya Fort Jesus, ambayo sisi wenyeji twaiita Ngomeni, na sehemu kubwa ya kazi yangu si kuendesha bali ni kungoja. Mgeni huniambia, "Ningoje hapa, tunarudi sasa hivi," nami nangoja. Mtu ambaye kazi yake ni kungoja hujifunza kupima muda bila saa, na kwa kipimo changu mgeni wa kawaida hukaa mle ndani dakika arubaini hivi. Akitoka, jasho limemlowesha, chupa ya maji imekauka, simu imejaa picha za mizinga, na swali lake ni moja: "Sasa tunaenda wapi?" Kabla sijafungua mdomo amekwisha kujijibu: "Tupeleke bichi."

Basi tena. Mji aliopitia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mwaka 1331 umeshaonwa, umekwisha.

Sina ugomvi na bichi, hata watoto wangu huwapeleka Jumapili. Wala hii si barua ya kuomba wateja, maana mgeni wa bichi ndiye anilipaye zaidi, kule ni mbali. Naandika kwa sababu kila siku napita na watu kando ya mji wenyewe bila kuwashusha, na nikijiuliza kwa nini siwashushi, majibu yote yanakuja kwenu. Naomba mgeni anayefika Mombasa aweze kukaa Mvita, ndio mji wetu wa kale, siku nzima, kwa miguu yake, asifukuzwe na jua, kiu, haja wala uongo. Hilo tu.

Nawaandikia nyote pamoja: walio kaunti, walio makumbusho, walio utalii, walio bandari. Najua kila mmoja ana afisi yake na mpaka wake. Nimeshazungushwa afisi tatu kwa jambo dogo la kuomba kivuli cha kuegeshea, ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanituma ya tatu, na ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Leo kila mmoja asome huku akimwona mwenzake anasoma.

Nianze na Ngome, maana ndiyo inayowaleta. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, wakaimaliza 1596. Mgeni huambiwa hivyo naye hutikisa kichwa kwa adabu. Lakini tarehe hazimkalishi mtu chini; kinachomkalisha ni kisa. Mwambieni ainue macho kabla ya kuingia, kwamba juu ya lango pana maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ya kujisifu, na kwamba majigambo yale yana chanzo. Miaka minne nyuma yake walikuwa wamegeukwa na mfalme wa Mvita waliyemlea wenyewe, Yusuf bin Hasan. Walimchukua mdogo baada ya babake kuuawa, wakampeleka Goa, koloni lao Bara Hindi, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, kisha wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Mwaka 1631 akaingia humu humu, akamuua kapteni wao, akarudia jina lake na dini yake. Mgeni akisikizishwa hayo mahali yalipotokea, hanyanyuki upesi.

Au mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi zaidi ya risasi, hata ikafika wakati Wareno karibu wote wamekufa na ngome imeshikwa na Waswahili wa kutoka Faza. Meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ikazama hapo mbele ya kuta mwaka 1697, na wapiga mbizi wakaja kuichimbua miaka ya 1970. Vitu vyake vimo ndani ya makumbusho. Nina mchezo wangu wa kuwauliza abiria wakipanda: mmeviona vyombo vya ile meli? Wengi hunijibu, "Meli gani?"

Halafu ile miaka ya jela, 1895 hadi 1958, Waingereza walipoifanya gereza. Babu yangu alitutisha nayo hata muda mrefu baada ya jela kuondolewa na makumbusho kufunguliwa mwaka 1962. "Utaingia Ngomeni wewe!" Tulidhani ni mahali pa majini. Kisa kama hicho hakimo katika kitabu chochote cha wageni, na watu waliokuwa watoto wakati ule wamo mtaani bado, wanakaa barazani, hawaulizwi.

Sasa kuna jambo linalonikera kidogo, nalo silisemi kwa ubaya. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 2000. Mji wa kale wa Lamu uliingia 2001. Kwa wenzetu iliingia miji, na nyumba zake na watu wake. Kwetu, mwaka 2011, iliingia ngome: jengo la waliokuja kututawala. Mji walioukuta hapa ukabaki nje ya orodha. Sisemi Ngome haikustahili, imestahili na zaidi. Nasema tumejizoeza kumwonyesha mgeni nyumba ya mgeni mwenzake, kisha tunamwaga kwaheri.

Kabla sijatoka langoni niwataje wale vijana. Mgeni akishuka, mguu wa pili haujagusa chini, wamemzunguka watano. Huyu anamvuta huku, yule anamwambia yeye ndiye rasmi, wa tatu ameshaanza kuhadithia. Kila kukija mkubwa hufukuzwa, na siku mbili baadaye wamerudi, kwa sababu njaa haifukuziki kwa rungu. Siku moja nilimsikia mmoja akimweleza Mjerumani, kwa Kijerumani safi, kwamba Ngome ilijengwa na Vasco da Gama. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, mapokezi ya Mvita hayakumpendeza, akaenda zake Malindi. Ngome ilianza miaka 95 baadaye, naye keshaoza zamani. Nikamwita kijana kando nikamsahihisha. Akanitazama akasema, "Mzee, wewe ndiye wa kwanza kuniambia. Nani mwengine alinifunza?"

Sikuwa na jibu, na nafikiri nyinyi ndio mnalo. Kijana aliyeokota Kijerumani na Kitaliano kule bichi bila darasa hashindwi na tarehe chache. Kila mwaka masika yakianza mahoteli hufunga nusu, wageni huadimika, na vijana hawa hukaa bure. Wafungulieni darasa la wiki tatu mle ndani ya Ngome, wafundishwe na watu wa makumbusho na wazee wawili watatu wa mtaa. Atakayefaulu apewe kitambulisho chenye picha na namba, na malipo ya kutembeza yaandikwe kwenye kibao langoni, mgeni ayasome mwenyewe. Atakayefeli arudi mwaka ujao. Kuwafukuza mmejaribu miaka yote.

Haya, tutoke. Ukiipa Ngome kisogo ukaingia Ndia Kuu (ndia, si njia, Kimvita chetu hicho na vibao vya barabara vimekiheshimu, ahsanteni), hapo ndipo mji unapoanza. Roshani za mbao zimening'inia juu ya kichwa, milango ya nakshi, mabaraza ya mawe yaliyolainishwa na makalio ya vizazi. Kata kuelekea baharini ufike Msikiti wa Mandhry, wenye mnara mweupe uliochongoka, ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Pigeni hesabu: una umri wa miaka 23 zaidi ya Ngome, na tofauti na Ngome, haujawahi kuwa makumbusho. Adhuhuri ya leo watu wameswali humo. Ibn Battuta aliandika kuhusu misikiti ya Mombasa ya zama zake, ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima milangoni ambako watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Ya mbao imekwenda na zama zake, kuosha miguu kumebaki. Nikimwonyesha mgeni mzee anayetawadha mlangoni na kumwambia hayo, huwa ananyamaza, na mgeni aliyenyamaza ni mgeni anayeona.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Mji wa Kale ni mtaa wa watu. Kuna mwanamke ameketi barazani pake anachambua mchele, mara anatokea mtu na kamera ndefu, anamlenga kama anayepiga picha ya swara Tsavo, hata salamu hakuna. Kuna wanaopita mlangoni mwa msikiti na nguo za kuogelea. Hawa si watu wabaya, hawakuambiwa. Kibao kimoja tu pale Ndia Kuu inapoanza, chenye maneno matatu ya kupendeza: salimu kwanza, omba ruhusa ya picha, funika mabega na magoti. Kiandikwe Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine mbili. Mimi nimechoka kuwa kibao hicho.

Kisha Bandari ya Kale. Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo roho yangu ilipo.

Mji huu haukujengwa na ngome, ulijengwa na upepo. Kaskazi ikianza mwisho wa mwaka, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yamebeba tende, mazulia, vyombo na chumvi. Kusi ikianza, kuanzia Aprili, yakapandisha kurudi na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa hapa kwa miezi, wakala, wakaswali, wakaoa. Ndio maana ukimuuliza Mmombasa asili yake hukujibu kwa hadithi ndefu. Halafu mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka kisiwani, na meli kubwa za chuma zikataka maji ya kina. Zikaenda upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, ambako jina lenyewe linakwambia kina kipo. Bandari ya Kale ikabakia na mashua za uvuvi na majahazi machache.

Bado ni mahali pazuri kuliko pote kisiwani. Lakini mgeni hapaoni. Mara ya mwisho nilipompeleka mtu, babu mmoja aliyewahi kuwa baharia kwao, tulirudishwa mlangoni na mlinzi ambaye hakutoa sababu, na kamera akaambiwa aifiche. Babu wa watu akasimama nje, akainua shingo juu ya ukuta aone nguzo za majahazi. Alikuwa amepanda ndege mbili kuja kuziona.

Naelewa forodha ni forodha na usalama ni usalama. Siombi mlango uachwe wazi. Naomba siku mbili kwa wiki, saa za jioni, kwa tikiti, na mtu wa kuongoza, na jukwaa dogo lenye paa na mabenchi ambapo mgeni ataketi atazame maji. Wekeni pale jahazi moja lililochakaa lisilosafiri tena, fundi aeleze mbao zinavyounganishwa na kalafati, zile pamba za kuziba nyufa, zinavyopigwa. Ngazi za Leven zinazoshuka majini zisafishwe. Zimebeba jina la meli ya Kapteni Owen wa Uingereza aliyefika mwaka 1824, na ukoo wa Mazrui uliokuwa ukitawala Mombasa ukataka hifadhi yake dhidi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman. Hifadhi yenyewe ilidumu miaka miwili tu, London ikaikana. Kisa cha siasa hicho, kitamu kuliko vya runinga, na hapo ngazini hakuna hata mtu wa kukianza.

Sasa nije kwenye choo. Najua barua za wazi huwa na maneno makubwa na hili si neno kubwa, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, siku ya joto la kaskazi, nilibeba mama mmoja wa makamo kutoka Murang'a na wajukuu wake wawili. Walikuwa wamekuja na treni ya Miritini, mara yake ya kwanza kuona bahari. Nikamwambia, mama, bichi haitakimbia, hebu twende kidogo mjini. Akakubali. Tukatembea mwendo wa nusu saa, amefurahi, anagusa milango, anawauliza watoto maswali. Mara akanyamaza. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, choo kiko wapi?"

Waheshimiwa, mimi nimezaliwa Kuze, kila kichochoro nakijua, na sikuwa na jibu. Kurudi Ngomeni ni mbali kwa mtu wa hali ile. Hotelini wakataka kwanza tuagize chakula. Mama wa watu anatembea amejikaza, jasho linamtoka, wajukuu wanaanza kucheka. Mwisho nikabisha hodi nyumba nisiyoijua. Akatoka bibi wa Kimvita, hakuuliza maswali, akamshika mkono akamwingiza ndani. Mimi na watoto tukangoja nje. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Nikaanza kuogopa. Baadaye tukaitwa ndani: mama ameketi mkekani, ana kikombe cha chai ya tangawizi na sahani ya mahamri na mbaazi, wanaongea juu ya binti zao, huyu kwa Kiswahili cha Mvita na yule kwa Kiswahili cha bara, na wanaelewana vizuri. Tulipoondoka alijaribu kutoa pesa, bibi akazikataa karibu kwa hasira.

Njiani mama akaniambia kwamba ile ndiyo Mombasa aliyokuja kuiona. Nikafurahi, kisha nikaona haya. Yule bibi alifanya kazi yenu, bure, nyumbani mwake, kwa mtu asiyemjua. Hamwezi kujenga utalii wa mji juu ya huruma ya bibi mmoja.

Choo kimoja Ndia Kuu. Kimoja karibu na Bandari ya Kale. Kimoja Marikiti, sokoni. Viwe na maji, mlango unaofungika, na mtu wa kukitunza anayelipwa mwisho wa mwezi bila kuzungushwa. Na palipo na choo pawe na mti na benchi. Sijaomba chemchemi ya taa za rangi. Siku mtakayozindua vyoo hivyo, kama hamtapenda kukata utepe mlangoni, niiteni nitaukata mimi.

Nyumba. Mnajua hali yake, na siku za mvua kubwa wenyewe hatulali vizuri. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, dari zimelala juu ya boriti. Nyumba ya namna hiyo inapumua. Mwenye nyumba akikosa pesa huipaka saruji kwa sababu ndiyo rahisi kupata, saruji ikafungia unyevu ndani, chumvi ikala jiwe, boriti ikaoza kwenye ncha yake ukutani mahali usipopaona, na siku moja sakafu inashuka. Sheria ya hifadhi inamwambia asibomoe, asibadilishe roshani, asiguse mlango. Sawa. Lakini haimwambii fundi wa chokaa atampata wapi, wala boriti, ambazo siku hizi hazikatwi ovyo, na ni haki zisikatwe ovyo. Basi wekeni karakana moja Mji wa Kale, yenye mafundi wazee wanaolipwa kufundisha vijana, na mwenye nyumba anunue chokaa hapo kwa bei ya kusaidiwa. Mgeni naye alipe kidogo aone nakshi inavyochongwa. Mlango wa nakshi ukiuzwa kwa dalali hauna safari ya kurudi.

Jambo jingine nimelijifunza kwa kungoja: mabasi ya wageni huja saa mbaya. Yanafika saa nne, yanaondoka saa sita, jua liko utosini, nusu ya mtaa imelala na nusu iko kazini. Mji huu huamka baada ya Alasiri. Hapo ndipo karai zinapowekwa motoni, viazi vinachovywa unga wa manjano na kudumbukizwa mafutani, ukwaju unachemka, mishikaki inapepewa. Muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, anagonganisha vikombe, na wazee barazani wanasogea kumpisha. Kahawa chungu, kashata, na habari za mji mzima kwa bei ya vikombe viwili. Mgeni wakati huo yuko hotelini anatazama runinga. Zungumzeni na wenye mahoteli na mawakala wa meli zinazofunga Kilindini: waleteni saa kumi. Nanyi washeni taa za Ndia Kuu, maana taa moja ikizimika huchukua mwezi kuwashwa, na takataka zizolewe mchana badala ya kungoja usiku.

Marikiti na Barabara ya Biashara sitawachosha nazo, zinajiuza. Ila mwongoza watalii akimpeleka mtu kununua leso, amweleze ina pindo, ina mji, na ina jina. Ndiyo, sehemu ya katikati yaitwa mji. Na jina ni lile andiko la chini, ambalo mwanamume akinunua bila kulisoma atajitafutia maneno nyumbani. Nimeona Mzungu akimpelekea mkewe leso yenye matusi ya mke mwenza. Sikumwambia. Mungu anisamehe.

Bustani ya Mama Ngina, kule ufukoni, mlifanya vyema, lazima niseme. Tangu ilipotengenezwa mwaka 2019 watu wana mahali pa kukaa chini ya mibuyu, wale mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, na meli za Kilindini zinapita karibu mno hata jina la kila moja unalisoma kwa macho. Ni ushahidi kwamba mkitaka mnaweza. Lakini nendeni mkatazame nani anakaa pale jioni: ni sisi wenyewe, familia za Majengo na Tudor. Mgeni bado hajaambiwa.

Na mengine yapo, yamelala tu. Mnara wa Mbaraki, wa matumbawe, umesimama kando ya msikiti wake wa kale katikati ya maghala, malori yanapita hayautazami. Kengeleni, watu hushuka matatu kila siku bila kujua kwamba kengele yenyewe ilikuwa ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa miaka ya 1870. Pembe kubwa za ndovu za bandia za Moi Avenue, zilizoanza kwa ziara ya kifalme ya mwaka 1952, hizo zina wapiga picha wa kutosha.

Waheshimiwa, sitaki majibu ya barua. Njooni. Mnajua ninapoegesha, upande wa kivuli ikiwa bado kipo. Nitawachukua nyote wanne, tuktuk itawabana kidogo lakini mtafahamiana, na sitawatoza. Nitawashusha Ndia Kuu saa kumi alasiri, nizime injini, tutembee mpaka Bandari ya Kale na kurudi. Msije Ijumaa saa za swala, hakupitiki. Vaeni viatu vya kutembelea. Na kabla hamjatoka nyumbani, nendeni haja kabisa.

Wenu,
Dereva wa tuktuk,
Mji wa Kale, Mombasa